Pumzi ya Loyce

Tangu Loyce alipopaka ile dawa ya vipele vya homa vya mdomoni asubuhi, mdomo ulikuwa unamchoma. Muuguzi aliyempa dawa hiyo alikwisha kumwambia kwamba kuchomachoma na ngozi kukauka ni kawaida, ila uso ukivimba au kifua kikibana, aende zahanati mbio. Sasa yeye na wifi yake Yunis walikuwa wamepandisha mlima wa Mgwashi na viazi kichwani, na pumzi yake ilikuwa haishikiki.

Aliutua mzigo. "Wifi, nakufa! Dawa imenifika kifuani. Nani atanilelea mwanangu?"

Yunis alitua wake, akamshika kidevu, akamkagua macho, mashavu na midomo. "Hujavimba. Na mimi ninayehema kama mbuzi aliyekimbizwa, nimepaka dawa gani?"

Loyce alitaka kucheka, hofu ikamzuia. Wakakaa kwenye majani. Pumzi ya Yunis ikatulia kidogo kidogo. Loyce aliweka mkono kifuani, akasikiliza. Yake nayo ilikuwa inatulia.

"Niangalie uso tena, wifi."

Yunis akamwangalia tena, taratibu, bila kumcheka.