Lori Kubwa Kutoka Texas

Marlys Hoekstra alijua nani anahama Galesburg, mji wao wa Illinois, kabla majirani hawajajua. Alikodisha malori ya kuhamia, yale ambayo mtu huyachukua hapa akayaacha huko aendako, na huko aendako kwa miaka sasa kulikuwa Texas, Tennessee au Florida. Ukubwa wa lori ulimtosha kusoma habari za watu. Lori dogo ni kijana, au mtu aliyeachika. Lile kubwa kuliko yote ni nyumba nzima, mke, watoto, friji na mbwa, na hao hawarudi. Mwanawe Curt alikwenda Texas na hilo kubwa.

Kila Januari kampuni ilitoa ramani ya malori yaliyoingia na kutoka kila jimbo, na kila Januari Illinois ilishika mkia kwa walioingia. Marlys aliibandika ukutani, kisha akaketi akiipa mgongo.

Wiki moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kompyuta ikamwonyesha lori linalokuja Galesburg kutoka Texas. Kubwa kuliko yote. Aliyelikodi ni Curt Hoekstra.

"Delbert," alimwita fundi wa malori, "njoo uone. Mwanangu anarudi nyumbani."

Delbert akaja akijifuta grisi. "Kakwambia?"

"Kaniambia anakuja kula bata mzinga wa sikukuu tu. Anataka kunishtukiza, si unamjua."

"Na bei umeiona?"

"Bei ya nini? We mzee una roho mbaya kweli."

"Nauliza tu, bibie. Si wewe unayewaeleza wateja kila siku kwa nini malori ya kutoka kule ni ya bei ya kutupa?"

"Nenda kanawe mikono."

Alijua, bila shaka. Malori yaliyokwenda Texas yalijazana huko, na kampuni iliyatoa kwa bei ya chee kwa yeyote wa kuyarudisha, hasa hayo makubwa. Lakini siku hiyo Marlys hakutaka kujua anachokijua. Alitoa cherehani kwenye chumba cha Curt, akapaka rangi, akaenda shule kumuulizia nafasi mjukuu wake Tess. Jumapili kanisani mchungaji mwenyewe alimpa hongera.

Lori lilipoingia uani kwake, wanaume watano wa kanisani walikuwa wamejipanga na glavu mkononi. Curt akashuka, na mkewe Renee, na Tess.

"Mama, hawa wote wa nini?"

"Wa kushusha vyombo, mwanangu."

Curt akamtazama Renee. "Mama, hatujahama. Tiketi za ndege za watu watatu zingetufilisi, na hili tumepewa karibu na bure. Jumapili tunarudi kwa basi."

Marlys akainama kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Iliuma, tena iliuma sana, na mbele za watu. Delbert, aliyekuja naye kutazama na ambaye angeweza kusema neno, alijikuta ana shughuli na kamba ya kiatu.

"Bibi, lakini kuna mzigo," alisema Tess. "Fungua nyuma."

Curt akainua mlango. Ndani mlikuwa mtupu kama ukumbi baada ya harusi, isipokuwa kule mwisho kabisa, kimefungwa kwa mikanda, kitanda kidogo cha manjano na mto wake.

"Changu," alisema Tess. "Kinakaa kwako. Nikija kiangazi nisilale kwenye kochi."

"Kiangazi chote?"

"Mpaka shule ifunguliwe. Kila mwaka."

"Kama utamtaka, Mama," Curt alisema. "Tulitaka kukuuliza mezani."

Marlys alilia bila kujificha, akacheka, akawaamrisha wale wanaume wafanye walichoitiwa. Watano wakakibeba kile kitanda, wanne wakishika pembe na wa tano akibeba mto, huku Tess akiwaelekeza wasigonge ukuta wenye rangi mpya.

Januari ramani ikaja, Illinois ikiwa palepale mkiani. Ila kwenye hesabu za tawi lake kampuni iliandika kwamba nyumba nzima imehamia Galesburg kutoka Texas.

"Wamekosea," alisema Delbert. "Utawaambia?"

"Niwaambie nini?" alisema Marlys, akigeuza kiti chake kuielekea ramani. "Kitanda si kipo?"