Diski D ya Shemeji

Mume wa dada yangu hawezi kufungua mdomo bila neno "kitaalamu". Kitaalamu, chai haitakiwi kuchemka mara mbili. Kitaalamu, viatu huvuliwa ukiwa umekaa. Kazi yake ni kukagua mita za maji, kazi ya heshima kabisa, lakini ukimsikiliza utadhani hata mvua huomba kibali kwake. Kwenye karakana yangu ya kompyuta tulishampa jina la Kitaalamu, na mama alipolisikia mara ya kwanza alicheka, akajifanya anakohoa.

Mwaka jana kompyuta ya dada ilijaa. Dada anafundisha watoto viziwi, na kwa miaka minne alikuwa akirekodi video za ishara zao: mtoto mmoja, ishara moja, sekunde tano. Zilishafika mia tisa na kitu. Nyingine zilikuwa za watoto waliokwisha kuhama na wazazi wao, nyingine za mpishi wa shule, kiziwi aliyestaafu, aliyejua ishara za zamani ambazo mwalimu hata mmoja hakuzijua. Dada alikuwa akizipanga ziwe kamusi ya shule. Simu yake haikuwa na nafasi, kwa hiyo kila wiki alizihamishia kwenye kompyuta, kisha akazifuta kwenye simu.

Alinipigia nikamsaidie. Nilipofika Jumapili mchana nilimkuta bwana mkubwa ameshakalia kiti. Alikuwa ametazama video mbili za mafunzo, basi keshakuwa profesa. Akaniambia nipumzike zangu kwenye kochi, hakuna haja ya kumsumbua fundi kwa jambo dogo. Hilo neno "fundi" alilitamka kama anayetema mbegu.

Akahamisha kila kitu kutoka diski iitwayo C kwenda ile iitwayo D: video, barua, na chochote kilichowahi kupakuliwa humo, pamoja na filamu zake za ngumi. Kila mstari wa kijani ulipojaa alitugeukia tumpongeze. Akatuhutubia kwamba tangu siku hiyo C ikifa hatuna wasiwasi, D ipo, na wahenga walisema akiba haiozi.

Sasa, kompyuta ile mimi nilishaifungua miezi michache kabla, nikaibadilishia kibodi. Ndani mna diski moja tu. Hizo C na D ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na paa likianguka haliulizi umelala upande gani. Mtu yeyote aliyeshika bisibisi wiki moja analijua hilo. Profesa wetu hakulijua.

Dada alikuwa na diski ndogo ya nje, yenye nakala ya video zote. Kitaalamu akamwambia azifute, diski hiyo abebee yeye filamu zake, maana D inatosha. Dada akasita, akanigeukia.

"Mdogo wangu, wewe unasemaje?"

"Mwenye nyumba ameshasema," nikajibu, nikanywa chai yangu. Dada akazifuta.

Sitafuti kisingizio. Nilitaka aumbuke. Miaka yote ile ya kufundishwa namna ya kuvua viatu ilinikaa kooni, na hapo niliona siku yake inakuja kwa miguu yake yenyewe. Nilijiambia kwamba Jumatatu nitamnong'oneza dada. Jumatatu nikawa na wateja. Iliyofuata nikawa na uvivu, na baada ya hapo, niseme kweli, nilishaanza kuuonea utamu ule ungojaji.

Wiki ya saba diski ilianza kugonga-gonga, ikafa. Wakaja wote wawili karakanani, dada mbele, mumewe nyuma amebeba kompyuta kifuani.

"Shemeji," akasema, "kitaalamu, iliyokufa ni C. Wewe nitolee D tu."

Sikuwa na haraka. Kulikuwa na wateja wawili kwenye benchi, nikahakikisha wanaona. Nikafungua mashine, nikachomoa diski, nikaiweka mezani, nikamwomba shemeji anionyeshe D iko wapi. Akachungulia ndani ya mashine. Akaigeuza diski chini juu. Ndipo nikamweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu, kwamba D aliyoipigia hotuba ndiyo hiyo hiyo C, kwamba sahani ya ndani imekwaruzika vibaya, na kwamba hakuna cha kutoa. Mteja mmoja akaguna. Nilifurahi kama nilivyotarajia, kwa muda wa dakika moja hivi.

Dada hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Siku ile kwenye kochi, ulijua?"

Mumewe akadakia.

"Usimwonee, mke wangu. Angejua angesema. Huyu ni ndugu yako wa tumbo moja. Kosa ni langu."

Mtu niliyemdharau miaka yote ndiye aliyekuwa akinikingia kifua, tena kwa moyo mweupe. Nilitaka kusema ndiyo, nilijua. Badala yake nikaanza kurudishia skrubu. Lakini dada amefundisha viziwi miaka kumi na miwili, na mtu wa namna hiyo husoma uso kabla ya kungoja neno. Aliusoma wangu mpaka mwisho.

Kisha akamuuliza mumewe kama anajua anapokaa yule mpishi mstaafu. Mumewe akasema anapajua, mita ya pale huikagua kila mwezi, na kwamba yeye atashika simu arekodi, dada aelekeze. Wakaanza kuwataja watoto waliohama, huyu alienda wapi, yule mama yake ana namba gani. Nikasema ninazo diski mpya, hata mbili, nitawapa bure.

"Asante," akasema dada, kwa sauti ile anayowaambia wauza duka. "Tutanunua."