Usimpangie Msusi Begi Lake

Mama mwenzangu, kama mwanao ni msusi na anakaribia kupanda ndege, soma haya kabla hujaligusa begi lake.

Twaiba wangu anasuka katika saluni moja pale Ukunda, jioni anarudi nyumbani Msambweni. Shangazi yake Ummi, aliyeolewa Maskati, alimpigia simu akamwambia binti yake anaolewa Ijumaa, na hataki kichwa cha bibi harusi kishikwe na mtu mwingine. Akifanya vizuri, kabla ya Ramadhani wako mabibi harusi wengine watatu. Tikiti aliyotumiwa ilikuwa ile ya rahisi, ya begi moja la mkononi, kilo saba, basi. Na Twaiba alikuwa hajawahi kupanda ndege maishani mwake.

Jumatano mchana Faith, mwenzake wa saluni, mtu wa bara, alikuja kumsaidia kupanga. Walikaa kwenye mkeka ukumbini wakimimina jeli na spre na dawa zao katika vichupa vidogo, kila kimoja kisizidi mililita mia, vyote viingie ndani ya kimfuko kimoja cha zipu kinachoonyesha ndani.

"Mathe, vitu za maji ndiyo noma," Faith aliniambia. "Wanapima chupa. Lakini kitu imegandana haina shida."

Alikuwa ameshika kipande cha nta ya nywele, na maneno yake yalikuwa ya ile nta. Mimi nilichukua neno moja tu: imegandana.

Nikueleze. Dawa za chupa mimi siziamini. Kuna msichana wa Waa alitiwa dawa ya kunyoosha nywele siku mbili kabla ya harusi, akakaa na mtandio mpaka wageni wakaondoka, kwa sababu huku mbele hapakubaki kitu. Sasa hilo limpate mwanangu ugenini, nani atamtetea? Kwa hiyo nilikuwa nimepika mafuta ya nazi, nusu lita, nikatia asumini na majani ya rehani. Nilipompa, Twaiba alicheka.

"Mama, hayo watanipokonya mlangoni pa uwanja wa ndege."

Mafuta ya nazi kwetu huku hayagandi mwaka mzima. Lakini Matano, mwenye duka hapo jirani, ana friji la soda linalogandisha hata salamu. Nikayamimina kwenye mkebe wa biskuti, nikampelekea.

"Mama Twaiba, hiki nacho ni nini?"

"Sabuni."

"Sabuni inalazwa na soda?"

"Matano, wewe uza duka."

Alhamisi asubuhi, Twaiba akiwa anaoga, nilikwenda kuuchukua mkebe wangu. Mafuta yalikuwa meupe, magumu, ukigonga yanaita. Nikaufunga kwa kipande cha leso, nikausukuma chini kabisa ya begi. Ila begi nililiona jana likipimwa kwenye mizani ya Matano, kilo saba kamili. Ikabidi kitu kitoke. Nikatoa draya ya kukaushia nywele. Maskati jua lipo.

Gari la kukodi lilitupitisha njia ya Dongo Kundu. Begi lilikuwa kwenye buti, na jua la saa nne unalijua. Mimi nilikuwa nimekaa mbele nikisoma Ayatul Kursi kwa ajili ya ndege. Kwa ajili ya buti sikusoma kitu.

Uwanjani wasindikizaji tunabaki nje ya kamba. Mlangoni pana mashine ya kukagulia, na hapo alikuwa askari wa kike, jina lake limeandikwa kifuani, Kahaso. Nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Begi hili umelipanga mwenyewe?"

"Ndiyo, mwenyewe."

"Hakuna mtu aliyekutilia kitu?"

"Hakuna."

Begi likapita. Kahaso akalitazama lilipotokea upande wa pili, akaipangusa meza kwa kidole.

"Dada, begi lako linatoa jasho."

Akalifungua. Akatoa dawa, vitana, paketi za nywele za bandia, mpaka akaufikia mkebe, leso yake imelowa chapachapa.

"Hii ni nini?"

Twaiba aliutazama mkebe ule kama aliyeonyeshwa mtoto akaambiwa ni wake. "Sijui," akasema.

"Umepanga mwenyewe, na hujui."

Hapo uso wa Kahaso ulibadilika. Alimwita mwenzake. Watu waliokuwa nyuma wakaambiwa wahamie mstari mwingine, na Twaiba akaambiwa asiguse kitu, asimame ukutani. Saa pale juu ilionyesha imebaki nusu saa kaunta ya ndege yake ifungwe. Mwanangu alikuwa amekunja mikono kifuani, na mimi ndiye niliyempeleka pale. Ningenyamaza, ningemwona akirudi nyumbani na begi lake. Nikavuka kamba.

"Mama, shikamoo, lakini rudi nyuma ya kamba," Kahaso akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye."

"Wewe ndiye nani?"

"Mpangaji. Yeye alipanga jana, mimi nikapanga leo. Hayo ni mafuta ya nazi. Nyumbani yaliondoka magumu."

Kahaso akafungua mkebe, akanusa, akanusa tena. "Umetia asumini."

"Na rehani."

"Kuna kingine ulichotia?"

"Nilichotia, hapana."

Twaiba akanigeukia polepole. "Ulichotoa?"

"Draya."

"Iko wapi, mama?"

"Chini ya kitanda changu. Iko salama."

Yule askari wa pili akageuka akatazama ukuta, mabega yanamtikisika. Kahaso hakucheka. Alipitisha mkebe kwenye mashine peke yake, akapekua begi upya kitu kimoja kimoja, nywele za bandia akazikuta kavu ndani ya paketi zake. Kisha akaruhusu kijichupa kimoja kilichobaki tupu kijazwe mililita mia. Mengine yarudi na mwenyewe.

"Na yaliyo kichwani mnayapima?" nikamwuliza.

"Kichwa si mzigo, mama. Choo cha wanawake kile pale. Mna dakika kumi."

Nilimmwagia kichwani yote yaliyobaki, nikamsuka mikia miwili ya haraka haraka, nikamfunga mtandio mara mbili.

"Nanuka kama jiko la vitumbua," akasema. Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu mlangoni. Akakimbia, akaiwahi ndege.

Ijumaa usiku alinipigia. Draya ameazima. Bibi harusi alikataa jeli baada ya kunusa kichwa cha Twaiba, na kijichupa kilipokwisha alikuwa anampapasa mikia yake na kujipaka mwenyewe. Wale watatu wamekubali.

Usidhani nakuambia na wewe utie. Nakuambia usitie. Lile "sijui" la mwanangu mbele ya askari wawili bado ninalisikia, na nikilisikia mbuzi ya kukunia nazi hunikwaruza vidole.

Safari ya pili ni wiki ijayo. Twaiba amenunua kufuli ya begi, na ufunguo anauficha ndani ya kopo la vibanio, chini kabisa, ameufunga kwa kikaratasi chekundu. Mimi sijauona.