Mbio za Akina Mama wa Hagsätra

Hebu niambie, umewahi kuona heshima ikimfunga mtu miguu? Basi ungemtazama Mwalimu Laurentine Jumamosi ile, siku ya michezo, kwenye uwanja wa shule kule Hagsätra, Uswidi. Akina mama walikuwa wamemkalisha kwenye kiti chenye mto, wakakitandikia kitenge kipya ambacho lebo yake haijatolewa, wakampa na chai ya tangawizi. Mapajani mwake wamemrundikia viatu vya wanawake sita.

"Tushikie, Mwalimu," Orpha alimwambia akivua vyake vya kisigino. "Kwako havipotei."

Kila mwaka mambo ni hayo. Akina mama wakishindana, yeye hushika viatu. Nani angethubutu kumwalika mstarini mwanamke wa kwanza kutoka mji wa Uvira kukimbia mita mia katika mashindano ya kimataifa, zamani, kabla ya vita, kabla ya Uswidi na ualimu? Picha yake imetundikwa sebuleni kwa watu ambao hata hawajamwona akitembea haraka.

Naye alitamani. Tangu asubuhi nyayo zilikuwa zinamwasha. Lakini alikuwa na miaka sitini na mitano, na goti la kushoto lilikuwa na maoni yake. Wakimwona anaburuta mguu, ile picha si itateremshwa ukutani? Na mwezi huohuo alikuwa anastaafu. Mwakani angekuja kama mgeni.

Filimbi ikalia. Orpha akatangulia. Victoire, fundi cherehani wa mtaa wa Skärholmen, akajikwaa kwenye kitenge chake mwenyewe, akabingirika, akainuka, akamaliza wa mwisho magoti yamejaa nyasi, akicheka huku ameshika mbavu. Wenzake wakamwangukia kwa vicheko.

Laurentine aliitazama ile furaha kama mtu anayechungulia chakula dirishani. Alikuwa amekimbia miaka kumi na minne. Alishinda, alishindwa, alitapika, alilia. Kucheka, hata siku moja. Kila mbio alikuwa amebeba mji mzima mgongoni.

Raïssa, binti wa Orpha wa miaka minane, akamwegemea begani, akamuuliza kwa Kiswidi, "Laurentine, wewe kukimbia unajua?"

"Wee!" Orpha akaja anahema. "Mwalimu anaitwa jina kavu hivyo? Tena unamuuliza yeye? Mwalimu, msamehe. Hawa wa kuzaliwa huku wanatuaibisha!"

"Ameuliza vizuri," Laurentine akasema.

"Mzunguko wa mwisho!" Callixte, mwenye filimbi, akaita. "Nafasi moja ipo! Nani?"

Laurentine akaviweka viatu vya watu chini, jozi kwa jozi, bila haraka. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za vyake.

"Mwalimu, unataka nini?" Orpha akashtuka. "Nikuletee chai nyingine?"

"Nataka kukimbia, Maman Orpha." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata Callixte akageuka. "Niwe wa mwisho, sawa. Nataka kukimbia."