Unga wa Sembe Chini ya Land Rover

Sili ya tatu ya kuzuia oili ilifungwa Jumatatu, na Ijumaa Land Rover ya Mama Odilia ikarudi gereji ya Pasua, difu ya nyuma, lile bakuli la gia katikati ya ekseli, ikidondosha oili kama kawaida. Safari hii oili ilikuwa imefika mpaka kwenye breki. Mama Odilia alikuwa akiteremka na ndizi kutoka Marangu alipokanyaga pedeli na gari likakataa kusimama. Aliokolewa na kingo za mtaro.

"Sili za siku hizi ni feki tupu," alisema Fundi Rodrick, mwenye gereji. "Tangu biashara iwe huria kila mtu anaingiza takataka. Filbert, lete nyingine."

Filbert hakusogea. Alikuwa kijana wa Shirimatunda wa miaka ishirini na mbili, na kiburi chake hakikuhitaji kuamshwa.

"Sili haina kosa, fundi. Kuna kitu kinaisukuma."

Gereji nzima ikaangua kicheko.

"Mmemsikia daktari wa Shirimatunda?" Rodrick akatupa kitambaa chini. "Haya, kitafute. Jua likizama hujakiona, vua ovaroli yangu na Pasua usirudi."

"Na nikikiona?"

"Difu zote za hapa utafungua wewe, mimi nikushikie tochi!"

Filbert akamgeukia mwenye gari. "Shikamoo mama. Ilianza kuvuja lini?"

"Marahaba, mwanangu. Januari. Krismasi ilikuwa kavu kabisa."

Akasafisha breki kwa petroli, akaiosha difu kwa mafuta ya taa, akaifuta mpaka ikakauka. Kisha akaipaka unga wa sembe kila upande.

"Unaisongea ugali?" Rodrick akauliza.

Wakaondoka watatu, Mama Odilia kwenye usukani. Himo walisimama wakachungulia: unga mweupe. Wakashika barabara ya mlimani, injini ikinguruma, na walipofika Marangu unga ulikuwa umechorwa mistari miwili myeusi, mmoja kutoka kwenye sili, mwingine kwenye gurudumu.

"Si nilisema sili?" Rodrick alitabasamu.

"Ikiwa baridi haivuji, ikichemka inavuja," Filbert alijibu, akaingia tena chini. Vidole vyake vikafuata mgongo wa ekseli, vikakuta kinundu kidogo kilichofunikwa na kitu cheusi.

"Mama, hii lami alipaka nani?"

"Mimi mwenyewe, wiki ya Krismasi. Watoto walikuwa wanakuja kutoka Dar, sikutaka waione kutu."

Filbert akakwangua kwa bisibisi. *Fyuuu!* Hewa ya moto ikatoka kwenye kitundu, ikamrushia unga usoni.

"Mama, dumu la mbege changa inayochacha unalifungaje?"

"Kifuniko nakilegeza. Ukikaza, linapasu..." Akajishika mdomo. "Jamani! Nimeiziba difu pua!"

"Ndiyo hivyo. Ikipanda mlima inachemka, hewa inavimba, na isipopata pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Utafunga hata sili mia."

Rodrick akakunja mikono. "Oili haisikilizi hotuba."

"Basi tushuke Himo, tupande tena!"

Filbert akazibua kile kitundu mpaka kikang'aa, akasafisha breki upya, wakashuka polepole. Himo akapaka unga mpya. Mama Odilia akaikanyagia mafuta Land Rover mpaka migomba ya kando ya barabara ikapepea, na hakusimama mpaka uani kwake Marangu.

Rodrick hakumngoja mtu. Alilala chini na shati lake safi, akapitisha kidole kwenye sili, kisha kwenye gurudumu. Alipotoka, alikitazama kidole chake. Kilikuwa cheupe.

"Kavu," alisema.

Mama Odilia akapiga vigelegele, akaleta kata ya mbege yake ya ndizi. Kama ilivyo desturi, alimpa aliye mkubwa. Rodrick aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akamsogezea Filbert.

"Anza wewe."

Filbert akanywa bila haraka, kilele chote cha Kibo kikimtazama. Akafuta masharubu yake ya unga na povu.

"Fundi," aliuliza, "tochi yako ina betri?"