Hayat Hatoki Mlangoni

Asiyewahi kuwahamisha watoto thelathini wa miaka minne kutoka kwenye mkeka wa hadithi kwenda kunawa mikono, asijitie kujua kazi ya ualimu. Kufundisha alifu na be si kazi. Kazi ni pale unaposema, "Haya, tumemaliza, twendeni tukanywe uji," na papo hapo mmoja anatambaa chini ya meza, wawili wanagombania kibao kimoja, na mwingine, Mungu ndiye ajuaye kwa nini, amevua suruali. Mwalimu Radhiya, mzaliwa wa mji wa Amu, Lamu kwa wageni, alipopelekwa chekechea ya Matondoni mwanzoni mwa mwaka, kila kuhama kulimtoa jasho. Alipiga kengele, watoto wakaikimbilia waipige wao. Alijaribu nyimbo za Kizungu alizofunzwa chuoni, wazazi wakanung'unika kwamba watoto wao wanaimba wasiyoyajua.

Ndipo akaipata dawa. Asubuhi moja, sauti ikiwa imeshamkauka kwa makelele, alianza tahlili, La ilaha illa llah, kwa lahani ile ya polepole ambayo wanaume huitoa wakitembea pamoja. Watoto wakaitika bila kufundishwa. Miguu ikaifuata sauti, mstari ukanyooka wenyewe, ukatoka mlangoni na kufika kwenye mapipa ya maji bila mtu kusukumwa. Wazazi walifurahi kupita kiasi. Hata mkuu wa shule, Mwalimu Kamaludin, ambaye kusifu kwake ni kwa msimu, alisimama akatazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Radhiya aliringa kidogo, na kwa nini asiringe?

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Hayat alipoletwa.

Aliletwa na ami yake, Abdulwahid, wiki chache baada ya msiba. Baba yake alikuwa fundi wa mashua, na chombo walichokuwa wakikipandisha mchangani kiliteleza kikamlalia. Matondoni nzima ilimlia. Siku hiyo Abdulwahid alimvuta Radhiya kando, akateremsha sauti.

"Mwalimu, mtoto hayui. Tumemwambia babake mesafiri, mekwenda Makka. Nawe usimwambie kitu, tafadhali."

Radhiya akakubali. Ndivyo watu wafanyavyo, tena hufanya kwa huruma. Mtoto mdogo, wanasema, atasahau kabla hajaelewa.

Akiwa amekaa, Hayat hakuwa na taabu. Alichora, alipanga vizibo, alitamka herufi zake kwa makini. Lakini tahlili ilipoanza tu, aliruka, akakimbia mbele ya wote, akaketi katikati ya mlango. Mgongo aliuegemeza kwenye mwimo mmoja wa mlango, miguu akaikaza kwenye mwimo wa pili. Hakulia wala hakujibu neno. Radhiya alimbembeleza, akampa peremende, akamfanya kiongozi wa mstari, akamtahadharisha mapema kwamba karibu watatoka. Hakuna kilichosaidia. Mwishowe ilimbidi amshike kwapani, amnyanyue mwili wote ukiwa umekakamaa, amweke kando, ndipo wengine wapite. Ikawa ndiyo desturi yao, asubuhi, wakati wa uji na wakati wa kurudi nyumbani. Baada ya hapo Hayat alikuwa akisimama na kuwaangalia wanaotoka bila kupepesa macho.

Kisha siku moja Swafwan, aliyekuwa na haraka ya uji, alijikwaa kwenye miguu ile na kuanguka kifudifudi. Mdomo ukapasuka. Mama yake alikuja na maneno yaliyosikika mpaka msikitini.

"Radhiya," alisema Mwalimu Kamaludin mama huyo alipoondoka, "wiki ikisha hali ni hii, tamrudisha kwao hata mwaka ujao. Hapa si mahali pa mtoto mmoja."

Radhiya hakulala vizuri. Kurudishwa kwao maana yake nini? Nyumba ile ilikuwa na mama aliyekaa eda, haruhusiwi kutoka, na watu wanaonong'ona kila mtoto anapopita. Hayat angefungiwa humo na uongo wa watu wazima, mwaka mzima. Radhiya aliogopa, na zaidi ya kuogopa, alijiona ameshindwa na kitu asichokijua jina.

Kilichompeleka kwa kina Hayat ni tende. Babu yake Swafwan alirudi kutoka umra, na familia ikaleta tende darasani, kila mtoto moja. Hayat aliishika yake, asiile.

"Babuyo hakumuona baba kule Makka?" alimuuliza Swafwan.

"Hakusema," akajibu Swafwan, mdomo bado umevimba.

Hayat akamgeukia Radhiya. "Mwalimu, kwani Makka ni kubwa sana?"

"Kubwa mno, mwanangu," akasema Radhiya, na akaona haya mpaka masikio yakamuwaka. Adhuhuri ile ile, baada ya kuwapeleka watoto wengine kwa wazazi wao, alimshika Hayat mkono akaenda naye kwao.

Shifaa, mama yake Hayat, alimpokea chumba cha ndani, amevaa nguo nyeupe za eda, amekonda. Pazia lilikuwa limevutwa kando kupata hewa, na kutoka pale mkekani waliweza kumwona Hayat uani akipanga vifuniko vya sufuria. Radhiya alieleza yote, bila kuficha mdomo wa Swafwan wala maneno ya mkuu wa shule.

"Huketi mwangoni wakati gani?" Shifaa aliuliza.

"Kila tukitaka kutoka."

"Na mukitoka hufanyani?"

"Hatufanyi kitu, Bi Shifaa. Twaimba tu, watoto washike mstari. Tahlili."

"Hebu imba."

Radhiya alianza kwa sauti ya chini. Hakufika mbali. Uani vifuniko vilianguka kwa kishindo, na Hayat akapita mbio mbele yao asiwatazame, akaenda kuketi kwenye mlango wa nje, mgongo huku, miguu kule.

Shifaa aliweka kiganja mdomoni. "Subhanallah, Mwalimu. Hiyo ndiyo waliyomtolea babake."

Tangu utoto wake Radhiya alikuwa akiisikia tahlili ile akiwa ndani, pamoja na wanawake, jeneza linapoinuliwa na wanaume wanapoondoka nalo, sauti ikififia kuelekea makaburini. Hakuna mtu wa Amu asiyeijua. Aliijua vizuri mno, kiasi cha kutoisikia tena. Alichokuwa akikitazama ni mstari wake ulionyooka.

Hodi ilipigwa nje. Alikuwa Abdulwahid, ameleta samaki kama kawaida yake. Shifaa akavuta pazia ajisitiri.

"Hayat, ondoka mwangoni, mwanangu, nipitishe samaki," ami yake akamwambia.

"Siondoki."

"Mwanangu, ondoka."

"Siondoki!" Ilikuwa mara ya kwanza Radhiya kumsikia mtoto yule akipaza sauti. "Siku ile ulinambia niondoke, nikaondoka, mukamtoa baba."

Abdulwahid akajikohoza. "Babako mesafiri, Hayat. Hukuambiwa kwamba..."

"Basi, Abdulwahid," akasema Shifaa nyuma ya pazia.

"Shifaa, tulikubaliana."

"Mulikubaliana nyinyi. Mimi sikuwa na nguvu ya kusema." Kisha akamwita binti yake. "Hayat, babako hakwenda Makka. Babako mekufa. Walimtukua kwenda kumzika, na mtu akizikwa harudi."

Hayat hakugeuka. Alikaza miguu yake kwenye mwimo.

"Ningalikaa," akasema, "hawangalimtoa."

Nje, Abdulwahid aliweka samaki chini na kuanza kulia, mtu mzima wa makamo, hadharani, njia ikipita watu. Shifaa alimwita mtoto tena na tena mpaka akaja, akamkumbatia kifuani. Radhiya alibaki mkekani akiiangalia mikono yake mwenyewe. Alikuwa amemwondoa mlangoni kila siku ya shule, tena kwa upole, tena akijisifu kwa subira yake.

Kesho yake hakuimba. Ulipofika wakati wa uji, Hayat alikwisha kuketi mlangoni kabla hajasemeshwa. Radhiya hakumgusa. Aliwaambia wengine waende mmoja mmoja, na kila mmoja amwombe Hayat njia na amwambie anakokwenda.

"Naenda kunywa uji, narudi," akasema Swafwan.

Hayat akamtazama usoni kwa muda mrefu. Akakunja miguu, akampisha, akaikunjua tena. Ilikuwa kazi ya polepole isiyopendeza hata kidogo. Wa nyuma walisukumana, mmoja akalia, uji ukapoa. Waliotangulia walikwisha kurudi na wakapishwa kuingia kabla wa mwisho hawajatoka. Lakini wote walikwenda, na wote walirudi.

"Nawe huna ndaa?" Radhiya akamuuliza.

"Nnayo."

"Mbona huendi?"

"Nikenda, atakaa nani?"

Radhiya alikusanya buibui lake, akaketi kizingitini, mgongo huku, miguu kule. Hayat aliisukuma miguu ile kwa mkono aone kama imekazika. Kisha akairuka, akaenda kinyumenyume kuelekea kwenye sufuria ya uji, macho hayabanduki mlangoni.

Mwalimu Kamaludin alikuja akivuka uwanja kwa hatua za hasira, na nyuma yake mgeni aliyekuja kuitembelea shule.

"Mwalimu Radhiya! Ni mambo gani haya? Ondoka hapo, watu wapite."

"Siondoki, Mwalimu," akasema Radhiya, na machozi yakamtoka mbele ya mgeni. "Siondoki mpaka arudi."