Cherehani ya Klementina

Tangu mumewe afariki, mizigo yote ya Klementina ilipitia mikononi mwa shemeji yake, Jilala. Ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta la chama cha ushirika pale Mwamapalala, na kilichompendeza hakikufika kwa mwenyewe. Kitenge alichotumiwa Klementina na binti yake, Joyness, kilikuja kuonekana kiunoni mwa mke mdogo wa Jilala, harusini, watu wote wakitazama.

Kwa hiyo Joyness alipomwagiza dereva wa lori amwambie mama yake kwamba amemtumia cherehani ya mkono kwa posta kutoka Mwanza, Klementina hakungoja. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia vijijini, na malori hayakukosekana. Akapanda juu ya magunia mpaka Bariadi.

Posta alimkuta Jilala ameshafika, ameegemea kaunta, mkononi kadi ya posta ya kumwita mwenye kifurushi, aliyoitoa sandukuni.

"Mwangaluka, shemeji," Jilala alimwamkia kwa Kisukuma bila haya. "Umejisumbua bure. Mzigo nitauleta nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu. Chako ni cha ukoo."

Klementina akasogea mpaka kaunta. "Kaka," akamwambia karani, Novatus, "mwenye mzigo ni mimi. Usimpe mtu mwingine."

Novatus aliipokea kadi kwa Jilala, akaisoma, akamtazama. "Wewe ndiye Klementina?"

Foleni nzima ikacheka.

"Mimi ni msimamizi wake," Jilala alifoka. "Kitenge nilichukua mimi, hakuna aliyeniuliza!"

"Kitenge kilikuja kwenye bahasha, kikaingia sandukuni. Kifurushi hiki kinatiwa saini. Anachukua mwenye jina, au aliyetumwa naye." Akamgeukia Klementina. "Umemtuma, mama?"

"Sijamtuma. Na sitamtuma."

Klementina akafungua pindo la khanga, akatoa kadi yake ya kupigia kura. Novatus alipoikagua, akamsogezea kalamu. Jilala akapiga ngumi kaunta.

"Ukitia saini, usikanyage tena mji wa ndugu yangu!"

Klementina aliwaza nyumba, shamba, na kaburi la mumewe nyuma ya zizi. Akaishika kalamu kama anayeshika mwiko.

"Matofali ya nyumba ile niliyafyatua mimi, mimba tumboni," alisema. "Nitaikanyaga nikitaka."

Akaandika jina lake kwa herufi kubwa, zikavuka mstari.

Cherehani aliibeba kichwani mpaka sokoni. Muuza mitumba mmoja, Shida, akampa pembe ya kibanda chake, na kabla soko halijafungwa Klementina alikuwa anapunguza suruali za watu. Alilala kwa Shida, akala kwa jasho lake, akawa anajulikana.

Mvua za kupandia zilipokaribia, alirudi Mwamapalala. Jilala alikuwa ametia kufuli mlangoni mwa nyumba yake, naye Jilala akatoka mbio nyumbani kwake alipomwona.

"Nilikuambia nini?"

"Nilikusikia," Klementina alijibu. Akachukua shoka kwenye rundo la kuni, akalipiga kufuli mbele yake na mbele ya majirani waliokwisha kukusanyika. Pigo la kwanza liliteleza. La pili likalivunja.

Jilala alisogea, kisha akaliangalia shoka, akabaki pale aliposimama. Klementina akaingia ndani, akafungua madirisha, akaanza kufagia.